Uwanja wa ndege umejaa na pa kujenga hamna: tulinganishe njia zilizopo

Mtu akisikia uwanja wa ndege umezidiwa, cha kwanza kinachomjia kichwani ni ranwei mpya au jengo jipya la abiria. Sasa ranwei mpya inakula miaka mingi, kuna fidia za ardhi, kuna kesi mahakamani, na kuna viwanja vimebanwa na mji pande zote kiasi kwamba hata hela ikipatikana ardhi haipatikani. Njia za kupitisha ndege zaidi au abiria zaidi kwa hiki hiki kilichopo zipo, na sio moja, ila hazifanani kabisa: nyingine zinaongeza ndege, nyingine zinaongeza abiria tu, nyingine haziongezi kitu ila zinapunguza kuchelewa, na nimeona watu wanazijadili kama vile zote ni kitu kimoja. Ndo maana nataka tuziweke pamoja tuzitazame.

Ila kabla hujachagua yoyote, jua kwanza panapobana ni wapi. Ndege zikizunguka angani zinasubiri zamu ya kutua, basi ni ranwei au anga lenyewe. Ndege ikitua vizuri halafu ikakaa dakika kumi na tano injini zinanguruma kwa sababu geti lake bado lina ndege nyingine, hayo ni maegesho. Abiria wakiachwa na ndege wakiwa bado kwenye foleni ya ukaguzi, hilo ni jengo. Na kama kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi ni vurugu tupu halafu saa tano unaweza kulala katikati ya ukumbi, hapo tatizo lako ni ratiba, miundombinu haihusiki. Ukiongeza mashine za ukaguzi wakati panapobana ni ranwei, utakachopata ni abiria wengi zaidi waliokaa getini wanasubiri, na utakuwa umelipia.

Tuanze na ranwei maana ndo yenye mambo mengi.

Ndege ikiruka inaacha nyuma yake hewa inayozunguka, mizunguko miwili, mmoja kila ncha ya bawa, inashuka taratibu na kusogea na upepo. Ndege ndogo ikiingia humo inaweza kupinduliwa ubavu, kwa hiyo lazima kuwe na nafasi. ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, imezigawa ndege kwa uzito: tani 136 kwenda juu ni nzito, kati ya 7 na 136 ni za kati, 7 kushuka chini ni nyepesi, halafu A380, ndege kubwa ya abiria kuliko zote, ina daraja lake peke yake. Nzito nyuma ya nzito inakaa maili 4 za baharini, ya kati nyuma ya nzito maili 5, nyepesi nyuma ya nzito 6. Pasipo na hatari ya hiyo hewa kinachobaki ni umbali wa rada, kwa kawaida maili 3, au 2.5 karibu na ranwei kama masharti yametimia.

Hapo kuna njia mbili za kubana nafasi na watu wanapenda kuzichanganya. Ya kwanza ni kugawa upya madaraja. Ukiangalia vizuri daraja la kati ni pana mno, lina ndege ya tani 20 na ndege ya tani 130 zinahesabiwa sawa, na huko kwenye nzito nako kuna ya tani 140 inayopewa nafasi sawasawa na ya tani 400. Marekani walianza kugawa upya kwa makundi sita, uwanja wa kwanza ukiwa Memphis Novemba 2012, na sio bahati kwamba walianzia hapo, Memphis ndo ngome ya FedEx na usiku kunashuka ndege nyingi nzito za mizigo, moja nyuma ya nyingine, kwa hiyo kila nusu maili iliyopunguzwa inajirudia mara nyingi sana. Paris Charles de Gaulle ikafuata kwa mgawanyo wa Ulaya mwaka 2016.

Ya pili ni kuacha kupima kwa maili na kupima kwa sekunde. Hii inahitaji hesabu kidogo ila ni tamu. Chukua ndege zinazokuja kutua kwa mwendo wa maili 140 za baharini kwa saa, zimepishana maili 4. Pengo kati ya moja na nyingine ni kama sekunde 103, kwa hiyo kwa saa zinatua 35. Sasa upepo wa maili 30 kwa saa uje kwa mbele. Ndege ikitazamwa kutoka chini inatembea 110 tu, maili ni zile zile 4, pengo linakuwa sekunde 131, na kwa saa zinatua 27. Umepoteza ndege nane, ranwei ni ile ile, waongoza ndege ni wale wale, na hakuna aliyekosea. Lakini upepo mkali huo huo ndo unaovuruga ile mizunguko ya hewa mapema zaidi, kwa hiyo hatari imepungua wakati pengo limeongezeka, haina mantiki. Heathrow ya London walibadilisha Machi 2015, skrini ya muongoza ndege inamchorea alama ya mahali ndege inayofuata inapotakiwa kuwa, na alama inasogea kulingana na upepo wa siku hiyo.

Ukizilinganisha hizi mbili: kugawa upya madaraja kunakulipa kila siku, jua au upepo, lakini malipo yanategemea una mchanganyiko gani wa ndege. Kupima kwa sekunde hakuongezi kitu siku tulivu, kunakurudishia tu zile ambazo ungepoteza siku ya upepo, kwa hiyo huwezi kuitumia kuuza safari mpya kwenye ratiba, unaitumia kupunguza kufutwa na kuchelewa. Kwa gharama naona ya kwanza ni nyepesi, ni taratibu mpya, mafunzo na marekebisho ya mfumo, ya pili inataka kifaa kipya kwenye skrini na data nzuri ya upepo wa juu. Una ndege nzito nyingi, anza na madaraja. Uko mahali pa upepo na ratiba imejaa, anza na sekunde. Heathrow waliziunganisha zote mbili 2018. Na kama uwanja wako unapokea ndege za saizi moja tupu na upepo wa mbele ni wa nadra, mimi nisingeweka hela huko kabisa.

Halafu kuna kupanga foleni. Chukua ndege sita, tatu nzito tatu za kati. Ukiziingiza kwa kupishana, nzito, ya kati, nzito, ya kati, mapengo ni 5, 3, 5, 3, 5, jumla maili 21. Ukiweka nzito zote mbele halafu za kati nyuma inakuwa 4, 4, 5, 3, 3, jumla 19. Maili mbili kwa mwendo ule ni sekunde 51 hivi, yaani nusu ya nafasi ya ndege moja, bure kabisa. Kikwazo ni kwamba huwezi kuzipanga zikiwa zimeshafika mlangoni, lazima uanze mbali, na lazima mashirika yakubali kwamba wa kwanza kufika sio lazima awe wa kwanza kutua, jambo ambalo linaleta kelele kwenye vikao. Hii isichanganywe na ule utaratibu wa kuziambia ndege zipunguze mwendo zikiwa bado mbali, ambao Heathrow wanautumia tangu 2014 kwa msaada wa waongoza ndege wa nchi jirani. Huo hauongezi hata ndege moja inayotua, unachofanya ni kuhamisha kusubiri kutoka kwenye kuzunguka juu ya mji kwenda kwenye mwendo wa polepole huko mbali, mafuta yanaokolewa, wakazi wanapumzika. Ni kitu kizuri sana ila usiwaahidi watu nafasi mpya kwa sababu yake.

Njia ya bei rahisi kuliko zote kwenye ranwei, na ndo inayodharauliwa zaidi, ni sekunde za rubani. Muda ambao ndege inakaa kwenye ranwei baada ya kutua, muda ambao rubani anachukua kuanza kuondoka baada ya kupewa ruhusa. Kama kwenye saa ya ndege 50 kila moja inapunguza sekunde 5 umepata sekunde 250, zaidi ya dakika nne, hizo ni ndege tatu na ushee. Kinachotakiwa ni rubani ajue kabla hajatua anatokea njia ipi, awe amemaliza orodha zake kabla hajaingia kwenye ranwei, na uwanja upime kila shirika na uwaonyeshe namba zao kando ya namba za wenzao. Gatwick, uwanja mwingine wa London, inapitisha hadi ndege 55 kwa saa kwenye ranwei moja, yaani moja kila sekunde 65 hivi, na 2019 walihudumia abiria zaidi ya milioni 46 kwa ranwei hiyo. Hufiki huko kwa mashine peke yake, unafika kwa watu waliozoea kwamba hapa hakuna kuzubaa. Ukweli ni kwamba hii inalipa pale tu ambapo kinachobana ni muda wa kukaa kwenye ranwei na sio umbali wa hewani, lakini gharama yake ni ndogo mno kiasi kwamba sioni sababu ya kutoifanya.

Kuna na nafasi ambazo zipo tayari ila zimefungwa kwa sababu ya kelele. Haneda ya Tokyo walifungua njia mpya za angani Machi 2020, ndege zinashuka juu ya katikati ya jiji saa za alasiri upepo ukitoka kusini, na safari za kimataifa za mchana zikapanda kutoka 60,000 hadi 99,000 kwa mwaka. Heathrow kwa upande wao ranwei moja ni ya kutua nyingine ya kuruka, na saa tisa alasiri zinabadilishana ili watu wa chini wapate nusu siku ya utulivu. Wakizichanganya zote mbili kutua na kuruka wangepata ndege zaidi, ila utulivu huo unaondoka. Kiufundi hii ndo njia yenye matokeo makubwa kuliko hizi zote za juu. Lakini tuwe wakweli, gharama haijapotea, imehamishiwa kwa mtu aliyelala nyumbani kwake na hajapanda ndege yoyote, na kama hakuna fidia wala mazungumzo ya kweli naye mimi naiweka mwisho.

Tuje kwenye ratiba: ugawaji wa sloti au bei?

Sloti unazijua, shirika linapewa haki ya kutua au kuruka muda fulani, na likitumia angalau asilimia 80 msimu huu linabaki nazo msimu ujao unaofanana na huu. Uzuri wake ni kwamba kila mtu anajua atakuwa wapi, ratiba za nchi mbili zinaweza kuendana. Ubaya ni kwamba aliyekuwa nazo zamani anazo mpaka leo, zimekuwa mali, mwaka 2016 Oman Air iliripotiwa kununua jozi moja ya Heathrow kwa dola milioni 75, na shirika likihofia kupoteza linaweza kurusha ndege nusu tupu kulinda haki yake. Kwa kifupi sloti zinazuia msongamano usizidi, haziulizi nani anaitumia hiyo nafasi vizuri.

Bei inauliza. Mwaka 1968 mamlaka ya bandari ya New York, ambayo ndo inasimamia pia viwanja vya ndege vya hapo, ilipandisha ada ya chini ya kutua kwa ndege ndogo saa za msongamano kutoka dola 5 hadi 25, na zile ndege ndogo zikapungua saa hizo. Hela yenyewe ilikuwa ndogo ila ilitosha, maana mwenye ndege ya watu wanne anaweza kwenda uwanja mwingine au saa nyingine. Ila Boston walipojaribu kitu cha namna hiyo 1988, Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ikasema ada zile hazina uhalali, zikafutwa. Na kwa mashirika makubwa bei haisukumi kirahisi, ada ya kutua ni sehemu ndogo ya gharama ya safari, na abiria wa kuunganisha ndege wanataka kufika asubuhi, kwa hiyo ungehitaji kupandisha sana mpaka iwe siasa. Kwa hiyo mimi naona hivi: kama saa zako za shida zimejaa ndege ndogo ndogo na za binafsi, bei inafanya kazi haraka kuliko chochote. Kama zimejaa mashirika makubwa yanayotaka saa ile ile, utahitaji sloti, halafu uweke masharti ndani ya sloti.

Hapo ndo tunafika kwenye ninayoiamini zaidi ya zote, ukubwa wa ndege.

Angalia hii kwa makini. Kwa mgawanyo wa kawaida wa ICAO, ndege ya viti 50 ya safari fupi ni ya kati. A320 yenye viti 180 ni ya kati. A321 ya viti 220 nayo ni ya kati. Zote zinakula nafasi ile ile angani nyuma ya ndege nzito na sekunde karibu zile zile kwenye ranwei. Yaani ukibadilisha ndege ya viti 50 kwa ya 180 umepata abiria zaidi ya mara tatu na ranwei haijajua kama kuna kilichobadilika. Ukivuka kwenda kwenye nzito hesabu inaanza kukugharimu, na nyuma ya A380 ndege ya kati inakaa maili 7, ingawa kwa viti karibu 500 bado inaweza kulipa. Dubai wana ranwei mbili tu na zimekaribiana, ila 2024 walipitisha abiria milioni 92, zaidi ya 200 kwa kila safari. Heathrow nao wana kikomo cha safari 480,000 kwa mwaka, kilitokana na masharti ya kibali cha jengo la tano la abiria 2001. Abiria walikuwa kama milioni 64 na nusu mwaka 2000, 2024 wakakaribia milioni 84, na idadi ya safari imesogea kidogo tu. Najua jengo la tano lilijengwa hapo katikati, sawa, lakini ranwei ni mbili zile zile.

Kwa nini basi kila mtu hafanyi? Kwa sababu uwanja haununui ndege, mashirika ndo yananunua. Na shirika linapenda safari sita za ndege ndogo kuliko tatu za ndege kubwa maana abiria wa biashara anataka kuchagua saa. Anayeumia ni mji mdogo uliokuwa na ndege ya pangaboi mara nne kwa siku, akiondolewa kwenye uwanja mkuu amekatwa na dunia, na hilo sio dogo, ningetaka miji ya namna hiyo itengewe sloti zake waziwazi. Kitu kingine ni kwamba ndege kubwa inahamisha mzigo kwenye jengo, abiria 180 wanashuka kwa mpigo badala ya 50, mkanda wa mizigo na pasipoti vinaona. Chombo ambacho uwanja unacho mkononi ni ada: toza kwa kutua badala ya kutoza kwa uzito, na ndege kubwa inakuwa nafuu kwa kila abiria. Hapo unasukuma bila kumlazimisha mtu.

Ardhini nitapita haraka. Kama tatizo ni maegesho, kitu cha kwanza kabla ya mfumo wowote ni kuzikokota ndege zinazokaa muda mrefu. Ndege imefika saa kumi na mbili asubuhi inaondoka saa nane mchana imekalia geti muda wote huo, ikokotwe ipelekwe pembeni, hiyo ni trekta na dereva tu. Cha pili ni ule mpango wa kushirikishana taarifa ambao Munich walikuwa wa kwanza Ulaya kuufanya kikamilifu mwaka 2007: shirika, wahudumu wa ardhini, uwanja na waongoza ndege wote wanaona saa ile ile inayolengwa ya ndege kuwa tayari, na ndege inapewa saa ya kuwasha injini badala ya kila mtu kuwasha na kwenda kujipanga. Uwanja wa JFK wa New York walipofunga ranwei yao ndefu kwa matengenezo 2010 walianza kuzihesabia ndege muda wa kutoka getini namna hiyo na foleni haikugeuka janga kama wengi walivyohofia. Ila kuna mgongano hapo uujue: ndege inayosubiria getini inaokoa mafuta lakini inakalia geti. Kwa hiyo kama geti ndo lenye shida, mpango huu peke yake unaweza kukuzidishia tatizo, lazima uende na kukokota.

Jengo la abiria ndo rahisi kuliko vyote, na mara nyingi ndo linatangulizwa kwa sababu linaonekana kwenye picha. Kaunta za kutumia pamoja badala ya kila shirika kuwa na zake zimekaa tupu nusu ya siku, milango ya pasipoti ya kujihudumia, skana zinazomruhusu abiria kuacha laptopu na vimiminika ndani ya begi. Yote yanafanya kazi. Kaunta za pamoja ningeanza nazo, maana unatumia nafasi iliyopo tayari, hizo skana ni nzito na ghali na kuna sakafu hazizibebi bila kuimarishwa, na hapo umerudi kwenye ujenzi.

Sasa ukichagua, kuna jambo moja naliombea sana lisipuuzwe. Kila dakika uliyoipata kwa hizi njia usiiuze yote kwenye ratiba. Kwenye foleni ambayo wanaofika hawafiki kwa mpangilio kamili, kituo kinachotumika asilimia 95 kinasubirisha karibu mara tano ya kile kinachotumika asilimia 80. Huwezi kuona kwenye siku nzuri, unaona ukungu ukishuka asubuhi moja na ratiba nzima inaanguka mpaka usiku, watu wanalala sakafuni. Kama umepata nafasi za ndege nne kwa saa, uza mbili au tatu, iliyobaki iache iwe pumzi, na andika kabisa kwenye tamko la uwezo wa uwanja, yaani ile hati inayosema uwanja unapokea ndege ngapi kwa saa, ili mwakani mtu asije akaiuza.

Kwa uwanja wa ranwei moja wenye mchanganyiko wa ndege ndogo na za kati, mimi ningeenda hivi: mwaka wa kwanza sekunde za rubani, kukokota ndege, kaunta za pamoja, na ada mpya saa za msongamano. Mwaka wa pili ada ya kutoza kwa kutua na mpango wa kushirikishana taarifa. Madaraja mapya na kupima kwa sekunde viingie tu kama ndege nzito zimeanza kuwa nyingi au upepo wa mbele ni wa kawaida hapo. Kwa uwanja mkubwa wa ranwei mbili ambao ni kitovu cha kuunganisha ndege naanza upande wa pili, madaraja na sekunde kwanza, halafu nakaa mezani na shirika kubwa la pale kuhusu ukubwa wa ndege zake, maana bila yeye nusu ya haya hayaendi popote. Na kwenye meza hiyo nenda na namba za abiria kwa kila safari, saa kwa saa, za mwaka mzima, sio wastani wa mwaka, maana wastani unaficha zile ndege za viti 50 zinazotua saa mbili asubuhi.